Chumba si mtoto wa "chamber", ila kamera ni mtoto wake wa damu

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Niko kwenye ujenzi, fundi anachimba chemba za choo. Tukiwa tunapiga stori akasema chumba ni neno la Kizungu, eti Mwingereza alisema chamber wazee wetu wakasikia chumba. Nikabisha ila ushahidi sina. Mdogo wangu anayesoma sheria akadakia kwamba chamber na kamera ni neno moja, ndo nikachanganyikiwa kabisa. Naomba utuamue: chumba kimetoka kwa chamber? Na hiyo chamber yenyewe ilianzia wapi? Na tukiwa na chemba zaidi ya moja tunasema chemba au vyemba?"

Marahaba mwanangu. Nimelipenda swali lako kwa sababu mko watatu na wawili mmepatia, wewe na mdogo wako, fundi amekosea kwenye chumba lakini hana habari kwamba chemba anayoichimba ndo chamber yenyewe, tena imefika hapo kwake baada ya safari ndefu sana. Twende taratibu.

Tuanze na chumba maana ndo kilicholeta ubishi. Chumba ni cha kwetu, Kibantu tupu. Chukua maneno matatu uyaweke pamoja: nyumba, jumba, chumba. Yakate vichwa, kinachobaki kote ni -umba. Sasa angalia nyoka na joka, nyoka ni wa kawaida, joka ni lile kubwa la kutisha. Nyumba na jumba ni mchezo huohuo, jumba ni nyumba iliyokuzwa. Na ukitaka kuidogosha unaweka ki-, ki-umba, ila Kiswahili hakipendi ki- ikae mbele ya irabu kama u na o, inageuka ch-, ndo maana ki-ombo ikawa chombo na ki-umba ikawa chumba, na kwenye wingi vi- inakuwa vy-, vyombo, vyumba. Kwahiyo chumba kwa asili yake ni "kinyumba", kijinyumba kidogo kilichoko ndani ya nyumba kubwa. Na kwa kuwa neno hilo lilishakaa kwenye maana yake ya leo, watu walipotaka kusema nyumba ndogo yenyewe ilibidi watafute lingine, ndo tukapata kijumba.

Hapa nikupe tahadhari kabla fundi hajakubana. Usimwambie kwamba ushahidi ni wingi, eti neno likigeuka kuwa vy- basi ni la kwetu. Atakujibu na cheti. Cheti kimetoka Uhindini, chitthi, maana yake barua au kijikaratasi, na kwetu kikapokelewa kama mwenyeji mpaka tunasema vyeti. Kitabu nacho ni cha Kiarabu na tunasema vitabu bila wasiwasi wowote. Kiswahili kikiona neno geni limeanza na sauti inayofanana na ki- au ch- mara nyingine kinalivalisha nguo za nyumbani.

Ushahidi wa kumshindia ni sauti. Chamber kwa mdomo wa Mwingereza inatamkwa kama "cheimba", na ile "ei" yao ikiingia kwetu huwa inatulia kwenye e. Angalia breki, keki, kesi, stesheni, yote hayo kwao yana "ei" ndani. Kwahiyo chamber ikija kwetu kwa njia ya kawaida inatakiwa iwe chemba, na kweli imekuwa chemba! Hiyo u ya chumba ingetoka wapi? Alafu kuna suala la muda. Edward Steere, yule askofu wa Zanzibar, alitoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870 na chumba kimo humo na wingi wake vyumba, wakati Zanzibar yenyewe imekuja kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza 1890. Na majirani zetu Rwanda wanasema icyumba, Burundi icumba, na hao walitawaliwa na Mjerumani kisha Mbelgiji, hakuna Mwingereza aliyekaa kuwafundisha chamber. Hapo naona umeshashinda.

Sasa chamber yenyewe.

Mwanzo kabisa tunaoweza kuushika ni Kigiriki, kamara, na haikuwa na maana ya chumba. Ilikuwa kitu chochote kilichofunikwa kwa juu kwa umbo la mviringo, kama tao. Warumi wakaichukua wakaiita camera, wakitamka "kamera", na kwao ilikuwa hasa dari ya tao, yale mawe au matofali yanayopangwa yakainama na kuegemeana mpaka yanakutana katikati bila boriti hata moja. Muulize fundi wako, atakwambia tao zuri linabebana lenyewe, kila jiwe linamkaba mwenzake. Ukitaka kuiona kamera ya Kirumi kwa maana ileile ya kwanza huna haja ya kupanda ndege, nenda Kilwa Kisiwani kwenye Msikiti Mkuu, ingia sehemu iliyoongezwa karne ya 14 kisha nyanyua uso. Kuna kuba na kuna dari za tao zilizolala kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Ile ndo kamara.

Nyumba zetu za mawe za pwani kwa kawaida hazikujengwa hivo. Ukiingia nyumba ya zamani ya Lamu au Mji Mkongwe unakuta vyumba virefu vyembamba kama korido, na watu wengi wanadhani ni mapenzi tu ya wenyewe. Kumbe ni boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko, na boriti ya mkoko inavuka vizuri kama mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ukizidisha hapo inaanza kupinda kwa uzito wa mawe na chokaa vya juu. Kwahiyo upana wa chumba ulikatwa na mti uliotoka kwenye mkoko, ukitaka nafasi zaidi unaongeza urefu tu. Naipenda sana habari hii, kwa sababu inaonyesha Mrumi alitazama juu akaona tao akakipa chumba jina la tao, wakati sisi tulikitazama chumba tukaona ni nyumba ndani ya nyumba.

Utauliza imekuaje jina la dari liwe jina la chumba kizima. Mbona hata sisi tunafanya hivo kila siku. Jiko ni mafiga, ni kifaa cha kupikia, lakini ukisema "mama yuko jikoni" unamaanisha chumba kizima na masufuria yake na kabati lake. Choo nacho kwanza ni ile haja yenyewe, ndo maana daktari anakuuliza umepata choo, alafu jina likahamia kwenye kijengo. Kwa Warumi camera ikafanya hivohivo, kutoka dari ya tao ikawa chumba chenye dari ya tao, mwisho ikawa chumba chochote.

Kutoka hapo Kifaransa cha kale kikalipokea na kulifanyia mambo mawili, na haya yote mawili unayo mdomoni mwako kila siku ila hujui. La kwanza, ile "ka" ya mwanzo ikawa "cha". Maneno mengi ya Kilatini yamepita hapo. Mfano mzuri ni kapteni na chifu, yote yametoka neno moja la Kilatini, caput, kichwa, moja limekuja na k yake lingine limepitia kwenye mdomo wa Mfaransa wa kale likatoka na ch. Kamera na chemba ni ndugu kwa namna hiyohiyo, kamera ni kapteni na chemba ni chifu, ukishaliona hili huwezi kulisahau tena. La pili ni ile b. Camera haina b, chamber inayo, imetoka wapi? Wafaransa walikuwa wanaimeza irabu ya katikati mpaka ikabaki kama "kamra". Jaribu mwenyewe sasa hivi, sema "mra, mra, mra" haraka haraka, midomo ikiachana utasikia b inachomoza bila kuiita. Ndo ikawa chambre. Na Kilatini numerus kilipitia hapohapo kikawa nombre, Waingereza wakasema number, sisi tukasema namba. Kwahiyo b ya chemba na b ya namba zimezaliwa kwa namna moja.

Waingereza walilipata baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia nchi yao mwaka 1066 na Kifaransa kuwa lugha ya wakubwa. Wenyewe walikuwa tayari na neno lao, room, ila hilo asili yake ni nafasi, uwazi, kama Mjerumani anavosema Raum mpaka leo. Ndo maana Mwingereza anaweza kusema kuna room kwenye gari akiwa na maana nafasi ipo, wakati huwezi kusema kuna chamber kwenye gari. Matokeo yake room ikabaki kwa watu wa kawaida, chamber ikaenda kwa mfalme na mabwana, chumba cha juu cha kulala bwana, cha faragha, chenye kitanda na sanduku la fedha na mtumishi wa kukilinda. Huyo mtumishi aliitwa chamberlain, mtunza chumba, na baadae likawa jina la ukoo. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, yule aliyependekeza Wayahudi wapewe ardhi Afrika Mashariki mwaka 1903, mpango ukaitwa wa Uganda ingawa ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu ambayo leo ni Kenya, jina lake kwa Kiswahili ni kama mtu anaitwa Bwana Mtunzachumba.

Na kwa sababu chumba cha mkubwa ndo palikuwa mahali pa siri, hazina na mashauri, jina likaanza kupewa watu wanaokaa ndani. Kikao cha wafanyabiashara kikaitwa chemba, cha kwanza kubeba jina hilo ni kile cha Marseille, Ufaransa, mwaka 1599, na leo hata sisi tunasema chemba ya biashara. Bunge nalo, nchi yenye mabunge mawili Waingereza wanasema ina chamber mbili, Kenya iko hivo baada ya katiba ya 2010, Seneti na Bunge la Taifa, Tanzania tuna moja. Waitaliano mpaka leo bunge lao la wawakilishi linaitwa Camera, kamera kabisa, wala hakuna anayepigwa picha.

Hapa niseme jambo linalonigusa. Wazungu walipotaka jina la mawaziri wanaomshauri mkuu wa nchi walichukua kabineti, nayo asili yake ni kijichumba cha faragha, mlango umefungwa. Sisi tukasema baraza. Na baraza ni nini? Ni lile benchi la mawe nje ya nyumba, ukutani, ambapo mzee anakaa jioni na kila mpita njia anatoa salamu na akitaka anakaa. Wao serikali yao iko chumbani, yetu kwa jina angalau iko nje, mbele ya watu. Mimi kila nikiandika "Baraza la Mawaziri" naliona lile benchi.

Tufike kwa mdogo wako mwanasheria. Yuko sahihi. Kamera ya simu ni neno lilelile la Kirumi, halikupita kwa Mfaransa, limechukuliwa moja kwa moja kwenye vitabu vya Kilatini. Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota wa Kijerumani, mwaka 1604 aliandika camera obscura, chumba chenye giza, kwa kile chumba ambacho ukikiziba chote ukaacha tundu moja dogo, picha ya nje inaingia na kujichora ukutani, kichwa chini miguu juu. Jambo lenyewe lilijulikana zamani, Ibn al-Haytham wa Basra aliyefariki Misri karibu mwaka 1040 aliliandikia, tena alitumia mwanga unaopita kwenye tundu kueleza umbo la jua linapopatwa.

Na wewe umeshaliona, naamini. Sisi tulilala chumba cha bati lenye tundu la msumari, na mchana dirisha likifungwa kunakuwa na duara za mwanga sakafuni. Watu wanadhani ni duara kwa sababu tundu ni duara. Sio, ni picha ya jua lenyewe! Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, kule Rujewa mkoani Mbeya likabaki pete, mianga iliyopenya kwenye majani ya miti nayo iligeuka pete, mamia ya pete ndogo ndogo chini ya mti. Mimi nikiwa mdogo kulikuwa na tundu kwenye mlango wa mbao, na saa za alasiri nilikuwa naona ukutani kivuli chenye rangi cha mtu anayepita uani, ameelea kichwa chini, ndoo yake iko chini ya kichwa chake. Niliogopa sana, nikadhani ni mashetani, nikamwita bibi. Kumbe nilikuwa nimekaa ndani ya kamera. Simu yako nayo ndani yake ina kijichumba hichohicho cha giza, tundu lake limewekewa kioo na ukuta wake ni kile kidude kinachopokea mwanga.

Mdogo wako pia atakutana na maneno ya Kilatini mahakamani, in camera, yani chumbani, maana yake shauri linasikilizwa faragha watu wametolewa, hasa kesi zenye watoto au mambo ya aibu ya mtu. Nimewahi kupewa nakala ya tafsiri niipitie, mtafsiri ameandika "ushahidi ulichukuliwa kwa kamera", mtu akisoma hapo anaelewa kwamba mtoto alirekodiwa video, kumbe alichukuliwa ushahidi pembeni ili watu wasimwone kabisa! Ni kinyume kabisa cha kilichotokea, na ni mtoto. Kwahiyo mwambie mdogo wako, hapo ni "faraghani", asithubutu kuandika kamera.

Na Kiswahili cha mtaani kimeishika maana hiyo ya faragha vizuri kuliko huyo mtafsiri. Tunasema "alimvuta chemba wakateta", "njoo chemba nikwambie". Chemba hapo haina ukuta wala dari, inaweza kuwa nyuma ya duka au chini ya mwembe, mradi watu hawasikii. Ile siri ya chumba cha bwana wa Kiingereza imebaki, chumba chenyewe kimeondoka.

Kuna mtoto mwingine wa neno hili ambaye naona wengi hawamjui, komredi. Wahispania walikuwa na camarada, mtu unayelala nae chumba kimoja, wanajeshi hasa, mnagawana chumba na chakula, ikapita Ufaransa na Uingereza ikawa comrade. Kwahiyo makomredi wa Umma Party, chama cha siasa cha Abdulrahman Babu kule Zanzibar, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya wanaoitana komredi, kwa asili wanaitana "mwenzangu wa chumbani", na hao wa vyuoni wengi kweli wanalala wanne kwenye chumba cha wawili.

Nikuongezee na ghorofa, maana naona imekaa jirani na swali lako. Kwa Kiarabu ghurfa ni chumba, hasa kile cha juu, Kurani kwenye sura ya 39 aya ya 20 inawaahidi wachamungu ghuraf, yani ghurfa nyingi, na juu yake ghuraf nyingine. Sisi tukachukua ile "juu" tukaacha "chumba", ghorofa ikawa jengo la kupanda ngazi. Lakini ukienda Muscat leo ukaulizia ghurfa ya biashara watakuelewa, ni chemba ya biashara ya Oman, yani Mwarabu nae kama Mfaransa, chumba kimekuwa chama cha wafanyabiashara.

Sasa chemba ya fundi. Kwa Waingereza kile kishimo kilichojengewa kwenye njia ya maji taka ili mtu afunue akague au azibue ni chamber ya kukagulia, mafundi wetu wakabakiza chemba, na ni Kiswahili safi kabisa, hakuna haja ya kumsahihisha. Cha ajabu ni kwamba neno lililoanza kwa dari ya tao ya juu, la mawe mazuri, limekuja kukaa chini ya ardhi kwenye kona ya mabomba, na bado kina kuta nne na kifuniko. Kuhusu wingi, hilo halikuvalishwa nguo kama cheti, sema chemba moja, chemba mbili, hizi chemba, mtu akisema vyemba masikio yatakataa. Na kwenye kila kona ambapo bomba linageuka mwambie aweke moja, na mifuniko iwe ya zege, ya chuma mtaani kwenu haitamaliza mwezi.